Kompyuta Iliyonyamaza Uru

Jumanne, tarehe nane Julai 2003, saa nne asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza yangu ya kazi, nyumbani Shirimatunda, Moshi, sikio likigusa bati la kompyuta. Shule ilikuwa imefungwa, nyumba haikuwa na mtu mwingine, na kwa dakika kumi sikuwa nimefanya jambo lolote isipokuwa kusikiliza.

Kompyuta ile niliinunua ikiwa imetumika, na kwa miaka mitatu nilichapia mitihani ya shule bila kuisikia hata siku moja. Ilinguruma kila siku, nami sikuisikia, kama jirani wa mashine ya kusaga asivyoisikia tena. Asubuhi ile niliisikia kwa sababu nilikuwa nimesoma nusu ukurasa wa gazeti kwenye maiki ndogo ya mezani, kwa sauti ya chini, kisha nikavaa hedifoni ili nijisikilize. Nilisikia mvumo mzito, na juu yake mlio mwembamba kama wa nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Mbali kabisa, nyuma ya vyote viwili, mwanamke alikuwa akinong'ona habari za bei ya kahawa. Mwanamke huyo nilikuwa mimi, mwalimu mwenye miaka ishirini kazini, niliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma. Mama yangu, wakati huo, alikuwa amebakiwa na theluthi tu ya sauti yake, na ilikuwa ikipungua.

Wiki moja kabla ya siku hiyo daktari alikuwa ametueleza kwamba uvimbe uliokuwa kooni mwa mama usingeondoka bila kuondoka na kisanduku chake cha sauti. Upasuaji ulipangwa Alhamisi, tarehe kumi na nne Agosti.

"Atakula, atatembea, akitaka atalima," daktari alisema. "Kusema, hapana."

Mama, aliyekuwa amekaa pembeni yangu na mkoba wake mapajani, aliuliza kwa ile sauti ya kukwaruza, "Na kwaya?"

Daktari alitikisa kichwa.

"Basi wenzangu watapumzika. Nilikuwa nawatoa kwenye njia kila Jumapili."

Tulipofika getini alinishika kiwiko. "Nina neno moja la mdogo wako," alisema. "Tafuta namna, kabla hawajanikata."

Neno lenyewe nililijua bila kuuliza, na lazima nieleze nililijuaje. Mdogo wangu ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu yeye ndiye arithiye nyumba ya mama na kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba na makaburi. Baba alipofariki mwaka 1992, mdogo wangu alikuwa masomoni Ulaya. Alifika siku tatu baada ya maziko. Ukoo wote ulikuwa bado umekaa uani. Akaweka begi chini, akainama mbele ya mama, akasema, "Shikamoo, mama." Mama alikuwa na hakika kwamba mwanawe alichelewa kwa kutojali. Akageuza uso, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndama amepewa maji?" Mdogo wangu akarudia, "Shikamoo, mama." Mama akainuka, akaenda kumtazama ndama. Mdogo wangu akalichukua begi lake na kuteremka mlima jioni ile ile. Desemba kumi na moja zilipita baadaye, Desemba ambazo kila Mchagga, hata aliye mbali kiasi gani, hurudi kwao, lakini yeye hakurudi. Aliniandikia mimi tu. Nilipojaribu mara mbili kulitaja jina la mama kwenye simu, mara zote mbili simu ilikatika, na si kwa ubovu wa laini.

Kumbe ndege yake ilikuwa imekwama njiani siku mbili. Mama aliambiwa jambo hilo mwezi mmoja baadaye. Alisikia, akanyamaza, akaendelea kunyamaza kwa miaka kumi na moja.

Sasa alitaka kujibu. Marahaba: neno moja, linalosemwa mara hamsini kwa siku na kila mtu mzima wa Moshi. Hakutaka kulisema kwa simu, kwa kuwa simu yaweza kukatwa. Hakutaka liandikwe, kwa kuwa barua zake sikuzote niliziandika mimi, na mdogo wangu angesema ni maneno yangu. Nami sikutaka kutumia kaseti. Tuliwahi kuwa na kaseti moja yenye sauti ya baba akiwasimulia wajukuu habari za vita vya nyuki vya Tanga. Redio iliutafuna mkanda wake mbele ya macho yangu, nikabaki na utepe wa kahawia mkononi. Kompyuta haitafuni mkanda, nilijiambia. Kilichobaki ni kuinyamazisha.

Ilibidi kompyuta ipande Uru, kwa mama mlimani, maana yeye asingeshuka kuja kwangu kusema neno hilo. Kwetu anayetaka kusamehewa hukata jani la isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na penye makaburi, akalifunga fundo na kulipeleka kwa aliyemkosea. Aliyepelekewa hawezi kulikataa. Maneno yanayosemwa jani likiwa mkononi husemwa ndani ya kihamba, na husemwa mara moja. Nilikuwa nimeona mtoto akimpelekea mzazi isale, na jirani akimpelekea jirani. Sikuwa nimeona mzazi akimfungia mtoto.

Jumamosi ile nilikodi pikapu, nikaifunga kompyuta kwa blanketi mbili, tukapanda. Mama alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo kabati la nani?"

"Ni ile mashine ya kurekodi."

"Ilivyo kubwa! Mimi nina neno moja tu."

Nilipoiwasha, alirudi nyuma hatua moja. "Inanguruma kama ng'ombe aliyenyimwa majani. Mdogo wako atadhani nimehamia zizini."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo, nadhani, lingeweza kufanywa na mtu aliyezaliwa pale tu. Nilikuwa nimekwisha kufungua ubavu wa kompyuta na kutambua kwamba mlio mwembamba ulitoka kwenye feni ndogo iliyokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ilikuwa Julai. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba tangu alfajiri. Tulikuwa tumevaa makoti ndani ya nyumba. Maziwa ya jana yalikuwa mezani na hayakuwa yamechacha. Tangu utotoni nilijua kwamba Uru, mwezi Julai, hakuna kitu kinachopata joto kisipowekwa motoni. Feni ni ya kupoza, nikawaza. Hapa panahitaji kupozwa nini? Nikaung'oa waya wake. Mlio ule ukafa, ukabaki ule mvumo mzito tu, nami nikajiona hodari.

Mama aliketi kwenye kigoda, jani la isale mkononi. Alichelewa kuanza. Alisafisha koo, akanyoosha khanga, akaniuliza kama nimekula. Kisha akaanza, kwa Kichagga, polepole, akimwita mdogo wangu kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu baba afariki. Alimweleza siku ile. Alimweleza habari za ndama. Sikuthubutu kumtazama, nilitazama kioo cha monita, ule mstari wa kijani uliokuwa ukiruka kila alipotamka neno. Akafunga fundo. Akasema, "Marahaba, mwanangu."

Mstari haukuruka. Sijui ulikuwa umesimama tangu lini. Dakika moja, labda tatu. Nilibonyeza kibodi, hakuna kilichojibu. Kioo kikawa cheusi. Nilipogusa kile kipande cha aluminiamu kilichokaa juu ya prosesa, kiliniunguza kidole.

"Imekwisha?" mama aliuliza.

"Mama, haikushika."

"Haikushika nini?"

"Haikushika kitu. Imezimika. Tafadhali, nitaurudisha waya, tuanze upya."

Alilitazama jani lililokuwa mkononi mwake, lenye fundo. Alikuwa anatoka jasho, katika baridi ile. "Nimekwisha sema," alijibu. "Isale haisemewi mara mbili. Kama mashine yako haikusikia, hayo ni yako na mashine." Akatoka nje, akalitupa jani kwenye shina la mgomba.

Jumatatu nilikuwa mjini, kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Alikuwa mwanamume wa rika langu, aliyeanza kazi kwa kutengeneza redio za mbao, akaingia kwenye kompyuta zilipoanza kumiminika nchini zikiwa zimetumika na watu wengine. Alifungua ubavu, akatazama waya uliokuwa ukining'inia, akanitazama mimi.

"Mwalimu, feni hii ulitoa kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Ukiwa wapi?"

"Uru."

Aliweka bisibisi chini ili apate nafasi ya kucheka. "Julai, sivyo? Wachagga bwana! Mlima mnaufanya jokofu. Prosesa haijui iko Uru wala Mabogini kule kwenye joto, mwalimu. Inajijua yenyewe tu."

"Na wewe si Mchagga wa Old Moshi?"

"Ndiyo maana najua. Yangu niliiunguza Krismasi ya mwaka juzi, wageni wamejaa sebuleni wanasubiri kuona picha za harusi."

Prosesa haikuwa imekufa. Aliiwasha, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye sehemu moja baada ya nyingine na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kama daktari. Akanipa nami nisikilize. Sijasahau jambo lile. Kelele niliyoidhani moja ilikuwa watu watatu wanaogombana. Feni ya prosesa, ndogo kama kiganja cha mtoto, ilikuwa na beringi iliyolika. Feni ya pawa saplai, lile sanduku la kupokea umeme, ilikuwa na vumbi jekundu la miaka mitatu na ilikuwa inakwaruza. Na hadidiski, ambako kila kitu huhifadhiwa, ilikuwa ya zamani, inalia kwa ndani na kulitikisa bati lote.

"Naweza kupaka mafuta," alisema. "Itanyamaza wiki mbili. Wewe unataka nini?"

"Nataka mtu anayenong'ona asikike."

Alifikiri. "Basi hatuondoi kitu. Tunaweka vilivyo bora. Feni ndogo lazima ikimbie ndipo itoe upepo ambao feni kubwa inautoa ikitembea. Inayokimbia ndiyo inayopiga kelele. Tutatafuta kipande kikubwa cha aluminiamu, chenye mapezi mengi, na juu yake feni pana, inayozunguka taratibu. Pawa saplai yenye feni kubwa. Hadidiski ya kisasa, hizi zinazozunguka juu ya mafuta badala ya gololi. Hapa Moshi hakuna. Niagize Nairobi."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki mbili. Tatu."

Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, hadi tarehe kumi na nne Agosti.

Majuma yale yalikuwa marefu. Kila Jumapili nilipanda Uru, na kila Jumapili sauti ya mama ilikuwa imeshuka daraja moja. Alikuwa haongei na kuku tena, alikuwa anawapigia makofi. Mara mbili nilimwomba aliseme neno lake upya, mashine itakapokuwa tayari. Mara ya kwanza alijifanya hajasikia. Mara ya pili alisema, "Wewe unasomesha watoto. Ukisahihisha mtihani, mtoto akaupoteza, unamsahihishia tena?" Nikasema, ndiyo, ningemsahihishia. "Ndiyo maana hawajui kutunza," akajibu.

Vifaa vilifika kwa basi tarehe tatu Agosti. Fundi alifunga kimoja kimoja, akizima na kuwasha, akisikiliza. Feni pana ilizunguka kwa uvivu kiasi kwamba niliweza kuyahesabu mapanga yake. Pawa saplai ilikuwa kimya. Lakini hadidiski mpya, ingawa ilikuwa tulivu mkononi, ilipofungwa kwa skrubu ililitia bati mtetemo mdogo, na mtetemo ule tuliusikia kwenye hedifoni kama pumzi ya mtu mwingine chumbani. Fundi alikata vipande vya tyubu ya baiskeli, akaining'iniza hadidiski juu ya mpira isiguse bati hata mahali pamoja. Kisha akazima redio ya kibandani, akafunga mlango, tukasimama tukisikiliza.

"Hujawasha," nilisema.

"Weka mkono hapo nyuma."

Niliweka. Upepo mwembamba, wa vuguvugu, ulikuwa unapita kati ya vidole vyangu.

Jumamosi, tarehe tisa Agosti, nilipanda kwa mara ya mwisho. Niliiweka kompyuta chini ya meza ya mama, nikaigeuza uso ukutani ili waya wa maiki ufike. Taa yake ndogo ya kijani, kwa hiyo, ilitazama ukuta. Wakati huo sikuwa na nia yoyote. Mama alikaa kwenye kigoda. Kwenye kona ya khanga yake niliona ncha ya jani jipya la isale, nikajifanya sijaliona.

"Mbona hailii?" alinong'ona. Wakati huo alikuwa amebakiwa na kunong'ona tu.

"Inafanya kazi. Tazama kioo." Mstari wa kijani ulikuwa umelala, nao ukaruka kwa kunong'ona kwake.

Alizungumza kwa karibu dakika ishirini na tano, akipumzika kila baada ya sentensi. Alimweleza mdogo wangu mambo yote isipokuwa lile. Kwamba kahawa ya upande wa chini ameing'oa, kama majirani wote, kwa sababu hailipi tena, ila mstari ule alioupanda mdogo wangu akiwa darasa la nne ameuacha. Kwamba bati la jikoni linavuja mahali pale pale. Kwamba yule ndama alikua, akazaa mara sita. Alipomtaja ndama alisimama kidogo. Kisha akasema, "Haya. Zima."

Mkono wangu ulikwenda kwenye monita. Nilizima kioo, kikawa cheusi. "Haya, mama," nilisema. "Ngoja nichemshe chai."

Nimewahi kujaribu, katika miaka iliyofuata, kulisimulia tendo lile kana kwamba vidole vilikosea. Havikukosea. Nilikuwa nimeliona jani. Nilijua kwamba mama hana njia ya kuitambua mashine ile isipokuwa kwa kelele yake na kwa kioo chake. Kelele nilikuwa nimeshaiondoa kwa kazi ya mwezi mzima, na kioo nilikizima mbele yake. Ile ya zamani ingenisaliti mara moja. Nilikaa jikoni, nikitazama maji yakichemka hadi yakapungua nusu ya sufuria, huku masikio yangu yakiwa chumbani. Sikusikia kitu.

Nilisikia siku nne baadaye, Jumatano, mama akiwa tayari amelazwa hospitali, akisubiri kesho yake. Nilivaa hedifoni saa nane mchana. Zilikuwepo hatua zangu zikitoka. Mlango. Kimya kirefu, chenye pumzi. Halafu mlio mdogo mkavu, wa kitu kinachokunjwa na kuvutwa, kunjo juu ya kunjo. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni jani linafungwa fundo. Kisha mama, kwa pumzi zaidi kuliko kwa sauti: "Nilikusikia. Mara zote mbili nilikusikia." Kimya. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Nilivua hedifoni, nikazima kila kitu, safari hii kweli. Nilikuwa na kile nilichokitafuta, na sikuwa na haki nacho. Alikuwa amesema neno lile kwa mara ya pili, kinyume na kanuni yake mwenyewe, kwa sababu alidhani hakuna anayesikia. Ningeweza kulituma kesho yake. Ningeweza kulifuta. Ilivyokuwa, sikufanya lolote, nikaenda kukaa kwenye benchi la hospitali.

Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya wiki mbili alikuja kukaa kwangu Shirimatunda, awe karibu na daktari. Alipumua kwa tundu dogo shingoni, lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, na nilimpa daftari na kalamu. Aliishia darasa la nne. Aliandika kwa herufi kubwa, akiigandamiza kalamu hadi maandishi yakaonekana kurasa tatu chini. WALI UMEIVA MNO. FUNGA DIRISHA. JIRANI ANASEMA SANA. Nilicheka, naye mabega yake yakacheka bila sauti, na kila siku niliahirisha.

Siku ya kumi nilimkalisha mbele ya kompyuta, nikamvisha hedifoni. Alisikiliza habari za kahawa na za bati, akitikisa kichwa kama anayesahihisha. Kisha niliuona uso wake ukibadilika. Alisikiliza hadi mwisho. Aliivua hedifoni, akailaza mezani taratibu, akavuta daftari.

ULIZIMA?

"Hapana, mama. Nilizima kioo."

Aliniangalia kwa muda ambao hadi leo sipendi kuukumbuka. Mtu mwenye sauti akikasirika, hasira yake ina mwanzo na mwisho. Unaisikia ikipanda, unaisikia ikichoka. Hasira ya mama haikuwa na mlio. Aligeuza kiti, akaniachia mgongo. Kwa siku nne hakupokea uji mkononi mwangu. Nilikuwa nauweka mezani na kutoka, ndipo anywe. Daftari lilikaa limefungwa. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mama," kisha nikasimama pale nikitazama kama mkono utainuka, kama kichwa kitainama. Haukuinuka. Ndipo nilipojua, nikiwa na miaka arobaini na minne, mdogo wangu alichukua nini ndani ya begi lake jioni ile.

Siku ya tano nilipanda Uru peke yangu. Nilikwenda hadi kwenye mpaka wa kihamba, nyuma ya kaburi la baba, nikakata jani la isale. Nililifunga fundo nikiwa pale pale, nikasema niliyokuwa nayo, mara moja. Jioni nilipiga magoti mbele ya kiti cha mama, nikalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Alilitazama muda mrefu. Kwa desturi hawezi kulikataa, lakini desturi haisemi achelewe kwa muda gani. Mwishowe alilipokea, akaliweka mapajani, akavuta daftari. Aliandika kwa kuigandamiza kalamu kama kawaida yake, nami nilisoma kutoka upande wa pili wa meza, herufi zikiwa juu chini.

HILI NI LAKO. LAKE NINALO.

Akafungua kona ya khanga. Ndani yake mlikuwa na jani kavu, lililokunjamana, lenye fundo lililokazwa. Alikuwa amekwenda nalo hospitali na kurudi nalo. Akaliweka juu ya kompyuta, na kwa kidevu akanielekeza mlangoni, kama alivyozoea kututuma dukani tulipokuwa watoto.

Fundi alininakilia ile sauti kwenye sidii. Barua niliyoituma pamoja nayo ilikuwa hii. Niliiandika mara mbili, na nakala ya kwanza ninayo.

*Shirimatunda, Moshi*
*Jumapili, 21 Septemba 2003*

*Mdogo wangu,*

*Ndani ya bahasha hii mna sidii na jani la isale. Jani usilifungue fundo. Limekauka kwa sababu lilikaa zaidi ya mwezi mmoja kwenye khanga ya mama, si kwa sababu ya posta.*

*Nilikuandikia juu ya upasuaji. Amepona, anakula vizuri, na ananisahihisha upishi kwa maandishi. Sauti hana tena. Sauti iliyomo humu ni ya siku tano kabla.*

*Isikilize ukiwa peke yako, kwa hedifoni. Dakika ya ishirini na sita utadhani imekwisha. Haijaisha, na sidii haina kosa. Ni mimi nimetoka chumbani, na mama anadhani nimeizima mashine. Sikuizima. Ni kosa langu, nimemwomba radhi, naye ameipokea. Ameisikiliza mwenyewe na ndiye aliyesema upelekewe, usifikiri nimeiiba.*

*Utasikia mlio mkavu, kama karatasi. Usiruke hapo. Ni hilo jani uliloshika, linafungwa. Kompyuta tumeitengeneza hadi hilo linasikika. Utakayoyasikia baada yake sikuandikii, kwa sababu nikiyaandika yatakuwa maneno yangu.*

*Hutajibiwa kwa simu, na barua zake zitakuwa na herufi kubwa kama tangazo. Kama utakuja Desemba, nijulishe siku, nikupokee stendi tupande pamoja. Ukifika uani, weka begi chini, mwamkie kama siku ile. Usisubiri sauti. Tazama mkono wake wa kulia. Siku hizi anauinua hadi hapa kifuani. Mimi ameniinulia Jumatano iliyopita.*

*Dada yako*